Madam Elinipa na Hotuba ya Maji

Alasiri ya Jumatano, mgeni akipita nyuma ya madarasa ya shule ile iliyo juu ya Makumira, angedhani wanafunzi wamegeuka wachuuzi. Mmoja amesimama mbele, sare safi, soksi zimevutwa hadi magotini, na mikononi amebeba chane nzima ya ndizi mbichi. Anahutubia. Anazungumzia bei ya kahawa, au simu shuleni, au kwa nini kuchota maji iwe kazi ya wasichana peke yao, na ndizi ziko pale pale kifuani. Wenzake wameketi kwenye madawati wakimsubiri ateleze ili wapate cha kumuuliza. Hakuna anayezicheka ndizi. Walishazizoea.

Ndizi zile ni akili ya Madam Elinipa Akyoo, mwalimu wa Kiswahili na mlezi wa klabu ya wazungumzaji. Asiye mtu wa huku inabidi aelezwe. Maji ya upande huu wa Mlima Meru yana madini ya floraidi mengi kuliko meno ya mtoto yanavyoweza kuvumilia. Mtoto anayeyanywa tangu utotoni, meno yake ya ukubwani huota na madoa, yakawa ya kahawia, na mengine yakaanza kumomonyoka angali shuleni. Mswaki hauyaondoi hata ukisugua mpaka fizi zitoke damu, na wengi wamesugua. Ukifika Dar es Salaam ukacheka vizuri, mtu anakuuliza, “Wewe wa Arusha, eh?” Kwa hiyo watoto wa huku hujifunza mapema kuongea huku kiganja kimeziba mdomo, na hakuna anayewafundisha.

Sasa fikiria unataka mtoto kama huyo ahutubie watu. Ana wazo zuri, amelipika mpaka limeiva, anasimama, na mara kiganja hicho kinapanda. Sauti yote inaishia vidoleni. Ukimwambia ashushe mkono anaushusha, na baada ya sentensi mbili umerudi wenyewe. Madam Elinipa aligomba, akabembeleza, akakata tamaa, mpaka Jumapili moja aliposimama nje ya kanisa kwenye mnada. Sharika za huku zina desturi hiyo: mtu asiye na sadaka ya fedha huleta alichonacho, mkungu wa ndizi, mayai, jogoo, na ibada ikiisha vinanadiwa uani. Mnadi alikuwa Mzee Frederick, mzee wa kanisa, ambaye meno yake ni ya kahawia kuliko ya mtu yeyote usharikani. Akiongea na wageni hujiziba kama wengine. Lakini pale alikuwa amenyanyua jogoo kwa mikono miwili, anapaza sauti, anawatania wanunuzi, mdomo wazi mpaka magego yanaonekana, wala hana habari. Madam Elinipa akacheka peke yake. Jumatano iliyofuata alifika shuleni na ndizi.

Meno yake mwenyewe yalikuwa yale yale. Alipokuwa chuo cha ualimu, mkoa wa mbali, alipewa zamu ya kuongoza mdahalo. Alivaa blauzi mpya. Alifungua mdomo, akasalimu, na kijana mmoja wa nyuma akapiga kelele, “Dada, kwanza kapige mswaki!” Ukumbi mzima ukaangua kicheko, na mkufunzi naye akacheka kidogo kabla hajajikaza. Elinipa alimaliza mdahalo ule, maana hakuwa mtu wa kukimbia, lakini tangu siku hiyo hakupanda jukwaa lolote nje ya Meru. Alifundisha. Aliwasukuma watoto wa watu wapande.

Katika wote waliopitia ndizi zile, hakuna aliyempa raha kama Hanna Nanyaro wa kidato cha tatu. Alikuja klabuni kimya, msichana mrefu anayekaa pembeni. Madam Elinipa alikuwa na mtindo wake wa kumtoa mtu wazo. Hakumuuliza anafikiri nini, kwa sababu ukimuuliza mwanafunzi hivyo anakupa alichosikia redioni. Alimuuliza, “Njiani leo umeona nini?” Wiki ya kwanza Hanna aliona mbwa. Wiki ya pili aliona mama mmoja akimpiga mtoto aliyemwaga maji. Wiki ya tatu mvua za masika zilikuwa zimeshika, akasema ameona bati la kanisa.

“Bati limefanya nini?” aliuliza Madam Elinipa.

“Maji yote yanamwagika pale, madam. Yamechimba mtaro mpaka kwenye migomba ya mchungaji. Na sisi tunapita pembeni yake na ndoo za haya maji yanayotuharibu.”

Madam Elinipa alikuwa amepita pembeni ya mtaro ule maisha yake yote. Lakini hakumsifu, si kawaida yake. Alimwuliza, “Na kiangazi?” Hanna akaenda, akarudi wiki nyingine: maji ya bati yakingwe, yasiwe ya kufulia wala ya ng'ombe, yawe ya kunywa tu, tena ya watoto wadogo tu, wale ambao meno yao ya ukubwani bado hayajaota. Kwa watoto hao tangi moja kubwa litasukuma miezi. “Na tangi litatoka wapi?” Akaenda tena. Akarudi na jibu kwamba mnada wa Jumapili moja kila mwezi uende kwenye tangi, mpaka litimie. Hivyo ndivyo wazo lilivyokua, swali kwa swali, na Hanna naye alikua nalo. Alisimama na ndizi akasema habari za mdogo wake mwenye matege, maana maji yale hupinda hata mifupa, akasema, “Meno yetu hatuwezi kuyarudisha, lakini yapo ambayo hayajaota,” na wavulana wa nyuma, ambao kwa kawaida hupigana mateke chini ya dawati, walimsikiliza mpaka mwisho. Ikafika siku Madam Elinipa akamnyang'anya ndizi katikati ya hotuba. Hanna akaendelea kuzungumza, mikono imetulia.

Kisha yakaja mashindano ya shule za sekondari, kwenye ukumbi mmoja wa mjini Arusha. Kila shule ilete msemaji mmoja. Kungekuwa na wapiga picha, na watu wa mitandaoni wangerusha moja kwa moja. Mkuu wa shule, Mwalimu Sylvanus, mtu wa Bukoba aliyehamia mwaka huo, alimwita Madam Elinipa ofisini.

“Huyu binti ni hodari, sina shaka,” alisema. “Ninachouliza ni kimoja. Picha zile zikienda mitandaoni, watu wana midomo michafu. Atahimili?”

“Unasemaje, Mkuu?”

“Sisemi kitu. Mambo haya ya meno wewe unayajua kuliko mimi. Amua wewe, nami nitasimama na uamuzi wako.”

Tuwe wakweli, hakulazimishwa. Mtu angeweza kumlaumu mkuu, au mitandao, au kijana yule wa chuoni, lakini mlango ulikuwa wazi na ni yeye aliyeufunga. Siku zile hakulala vizuri. Alimwona Hanna amesimama kwenye taa za mjini, akasikia ile sauti ya nyuma, akasikia kicheko. Alijiambia kwamba mtoto ana miaka kumi na sita, kwamba jeraha la namna hiyo haliponi, na kwamba kazi ya mlezi ni kulinda. Akaamua aende Brenda. Brenda alikuwa msichana wa bweni, kwao Dar es Salaam, mchangamfu, mwenye sauti nzuri na meno meupe.

Alimkuta Hanna darasani, anafuta ubao.

“Hanna, mwanangu, mjini atazungumza Brenda.”

Hanna aliendelea kufuta. “Atazungumzia nini, madam?”

“Hiyo hiyo ya maji. Utamfundisha. Wazo litabaki lako.”

“Brenda anakunywa maji ya chupa, madam.”

“Najua.”

“Sasa pale ninaposema meno yetu?”

“Atasema meno yao.”

Hanna alisimama na dasta mkononi. “Nimekosea wapi?”

“Hujakosea popote. Nataka tu… Kule mjini watu si wazuri, Hanna.”

“Sawa, madam.”

Mwanafunzi wa Kitanzania akikuambia “sawa, madam” kwa sauti ile, mazungumzo yamekwisha na wewe umebaki nje. Madam Elinipa alijua. Alitoka na moyo mzito, akajiambia kwamba mtoto atamwelewa akikua.

Hanna alimfundisha Brenda bila kinyongo chochote kilichoonekana. Siku ya mashindano alikwenda mjini na wengine, kama mshangiliaji, akaketi karibu na madirisha. Brenda alihutubia vizuri. Kila neno lilikuwa mahali pake, hata vituo vya kuvuta pumzi alivipatia. Wakati wa maswali jaji mmoja, Bibi Jasmeet, ambaye familia yake ina duka la vifaa vya ujenzi mjini tangu enzi za babu zake, akavua miwani.

“Binti, hotuba imenigusa. Hebu niambie, wewe nyumbani kwenu mnafanyaje na maji haya?”

Brenda akatazama alipoketi Madam Elinipa. Kisha akasema ukweli, maana hakuwa mtoto mwongo. “Kwetu tunanunua ya kunywa.”

Watu wakacheka, si kwa ubaya. Shule ikapata nafasi ya tatu na cheti. Wakati wa chai Bibi Jasmeet alimfuata Madam Elinipa.

“Mwalimu, nani aliyemwandikia?”

“Ni kazi ya klabu,” alisema Madam Elinipa, na kiganja chake kikapanda mdomoni.

“Aha. Nilidhani yupo mwenye habari yenyewe. Huyu alikuwa anasimulia ya jirani.”

Bibi Jasmeet aliondoka na kikombe chake. Hanna alikuwa hatua chache kutoka pale, anamshikia Brenda cheti ili apate kula sambusa. Haikuwezekana kwamba hakusikia. Njia nzima ya kurudi Madam Elinipa alijiona mdogo. Alikuwa ameulizwa swali jepesi, na jibu lake lilikuwa jina moja tu, na mwenye jina alikuwa pale pale.

Baada ya hapo Hanna aliendelea kuja klabuni. Hiyo ndiyo iliyomuumiza mwalimu zaidi, kwa sababu angesusa, angalau kungekuwa na ugomvi wa kuumaliza. Alikuja, akapanga madawati, akawabebea wadogo ndizi, na zamu yake ikifika akasema, “Leo sijajiandaa, madam.” Kiganja kilikuwa kimerudi. Brenda mwenyewe alimfuata mwalimu siku moja, macho mekundu. “Madam, mimi nilitaka kumtaja jina pale ukumbini. Wewe ulisema nisichanganye watu.” Alisema kweli, Madam Elinipa alikuwa amemwambia hivyo.

Alipata homa ya mawazo. Alisahihisha madaftari akayarudia. Mumewe, Godwin, alimuuliza kama amefiwa. Mwishowe alipata uamuzi, na ulipomjia ulimpa nafuu kubwa: atasimama kanisani, mbele ya wote, aseme wazo ni la nani na yeye alifanya nini. Yeye aliyeogopa jukwaa tangu ujana wake, atapanda. Alifurahi kwamba ni jambo gumu. Ugumu ule ulimfanya aamini kwamba ni la haki.

Jumapili asubuhi alimuwahi Mzee Frederick mlangoni.

“Shikamoo, mzee. Naomba dakika moja kwenye matangazo. Ni habari ya Hanna na tangi.”

Mzee Frederick akatabasamu. “Marahaba, mwalimu. Nilijua utakuja. Wewe utatangulia.”

Aliichukua kauli ile kama baraka, akaingia.

Matangazo yalipofika, akapita mbele. “Bwana Yesu asifiwe,” alisema, na kanisa likamjibu. Akasema. Hakujitetea, hilo tumpe. Alisema kwamba hotuba ya tangi, ile iliyosifiwa mjini, haikuwa ya Brenda. Ilikuwa ya binti wa usharika huu, Hanna Nanyaro, ambaye amekaa pale upande wa vijana. Alisema kwamba yeye, mwalimu wake, alimzuia asiende kuizungumza, na alimzuia kwa sababu ya meno yake. “Niliogopa watamcheka meno,” alisema, machozi yanamtoka. “Mimi mwenye meno kama yake. Naomba anisamehe, na nyinyi mnisamehe.”

Vichwa vya kanisa zima viligeukia upande wa vijana. Macho ya watu hayakufika kwenye macho ya Hanna, yaliishia chini kidogo. Kina mama wakanong'ona, “Maskini.” Mchungaji, mtu mwema, akasema kutoka kwenye kiti chake, “Pole sana, binti yetu,” na kanisa zima likaitikia kwa sauti moja, “Pole.” Hanna akasimama. Aliwapita wenzake kwenye benchi, akiwaomba radhi mmoja mmoja, akatoka kwa mlango wa pembeni.

Madam Elinipa alimkuta uani, kwenye vitu vya mnada. Kulikuwa na mikungu miwili, trei ya mayai na kuku aliyefungwa miguu.

“Hanna. Nisamehe, mwanangu. Nimeusema ukweli mbele ya wote.”

“Umesema, madam.”

“Sasa kila mtu anajua wazo ni lako.”

“Kila mtu anajua meno ni yangu.”

Alisema hivyo bila kupaza sauti.

“Jana nilikwenda kwa Mzee Frederick,” alisema Hanna. “Nilimwomba niseme habari ya bati leo, baada ya matangazo. Akanikubalia. Nimefanya mazoezi na mama jikoni wiki nzima. Habari ya meno nilikuwa nimeiondoa kwenye hotuba, madam, yote. Nilitaka niseme bati, na mvua, na watoto ambao bado hawajaharibika. Nilitaka wabishane na mimi. Waniulize kiangazi je, niwajibu. Sasa nani atanibishia? Umesikia walivyosema pole.”

“Sikujua. Mungu wangu, Hanna, sikujua.”

“Hukuniuliza.”

Ndiyo, hakumuuliza. Alimuuliza mtoto huyu mamia ya maswali kuhusu njia, mabati na viangazi, na katika mambo mawili yaliyomhusu mtoto mwenyewe, safari ya mjini na leo, hakumuuliza hata moja. Kila mara alijiuliza yeye, akajijibu yeye, kisha akayaita hayo huruma. Hilo lilimwingia pale, kwenye jua, na lilimwuma kuliko kicheko chochote cha chuoni.

Ndani, sauti ya Mzee Frederick ilisikika. “Wapendwa, tulieni. Hanna aliomba nafasi, na nafasi yake ipo. Hanna yuko wapi? Kama yuko nje, mwiteni.”

Mazoea ni kitu kibaya. Madam Elinipa alifuta machozi upesi, akamsogelea amnyooshee kola. “Twende. Nitakaa benchi ya mbele kabisa. Ukikwama unitazame mimi, na ile ya kwanza usiiseme haraka, vuta—”

“Madam,” alisema Hanna, akarudi nyuma hatua moja. “Naomba usinisaidie.”

Hakuwa na hasira. Alilisema kwa adabu, kama mtu anayekataa kuongezwa chakula ugenini. Akajinyooshea kola mwenyewe, akaenda.

Madam Elinipa alibaki uani. Alisikia benchi zikilia watu wakigeuka, kisha kanisa likanyamaza kabisa. Hakuna kitu alichokitaka duniani wakati ule kuliko kusogea mlangoni aisikie sentensi ya kwanza, ile waliyoipanga pamoja alasiri kadhaa. Alikwishapiga hatua alipokumbuka kwamba sentensi hiyo haipo tena. Hotuba ya leo Hanna aliitunga na mama yake jikoni, na yeye, mwalimu wake, hakujua inaanzaje. Alikaa chini kando ya mikungu, akalia, na hakuingia.